Uzao wa Kwanza wa Punda wa Gitega

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Na kilichozidi kuzileta karibu ni punda.

Huku Butihinda, kaskazini mwa Burundi, mzigo hupelekwa Kobero mpakani kwa baiskeli au kwa kichwa. Mimi nililelewa ukimbizini Tanzania, na huko nilijua faida ya punda: hapasuki tairi. Tuliporudi Burundi nikaolewa, kisha mume wangu akafariki nikabaki na shamba na mgongo wangu. Ndipo rafiki wa marehemu baba yangu akaniita Gitega. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe aliyenunua na punda wachache kwa kupenda tu. Mahari yangu aliipokea yeye, kwa kuwa baba alifia ukimbizini. Nilimwita baba, naye akaitika.

"Chagua mmoja," akaniambia, akinisukumia jike jeupe lenye macho ya kulegea. Ndilo kosa la watu wa ng'ombe hilo, wanatazama urembo. Nikalipita. Nikainua kwato za kila punda, nikabonyeza migongo, nikawakimbiza kilimani nisikie nani anahema vibaya. Nikachukua mtamba wa kijivu, sura mbaya, kwato ngumu, pumzi ndefu.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Sha! We unaacha bibi harusi, unachukua mpishi?"

"Mpishi ndiye atakayenilisha, baba."

Kwetu aliyepewa mnyama humrudishia aliyempa uzao wa kwanza. Hiyo ndiyo shukrani, na ndiyo inayowafanya watu wawe ndugu. Nikamwahidi kwa moyo wote. Lakini mtamba wangu alikuwa bado na meno ya utoto, na punda hapandishwi kabla mgongo haujakaza na nyonga hazijapanuka. Nilitaka azae mara nyingi, na azae wenye nguvu kama yeye.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hakutaka kusikia. "Watu wanatucheka," akawa anasema. "Mzee wa watu atadhani tumekula zawadi yake."

"Shemeji, haraka haraka haina baraka."

Akachukua baiskeli yake akaondoka, nikadhani yameisha. Kumbe!

Siku hiyo nilikuwa shambani, nikasikia punda wangu analia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Nikakimbia na jembe mkononi. Shemeji alikuwa amemfunga shingo kwenye mparachichi na kumfunga miguu ya nyuma. Dume kubwa la kuazima kutoka Giteranyi, lile linalojulikana kwa kuuma, lilikuwa juu yake limemng'ata shingo, na damu inachuruzika mpaka kwato. Nikalipiga dume puani kwa mpini. Likanitandika teke la paja, nikaanguka chali.

Shemeji akanivuta nguo. "Waache, wanakaribia kumaliza!"

Wanakaribia kumaliza! Nikainuka na mpini, nikampiga bega. Akanipiga kofi, nikaona nyota. Nikampiga magoti yote mawili, akaanguka, nikamwangukia, tukapigana kwenye mavi ya punda mpaka majirani wakatutenganisha. Nilitaka kumuua, nasema kweli. Dume lilikuwa limeshashuka, linakula majani.

Mimba ikaingia. Ilipofika siku ya kuzaa, alisukuma tangu alfajiri, na jua la utosi likamkuta bado anasukuma. Mtoto alikuwa amekwama. Nikamshika miguu, nikavuta, nikasikia kitu kinachanika ndani ya mama yake. Mtoto akatoka hai. Mama akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na damu imejaa banda zima. Nililia kama niliyefiwa na mtu, na sioni haya.

Mtoto alikuwa jike. Nikamlea kwa maziwa ya ng'ombe. Alipoanza kula majani, shemeji akaja na kamba. "Sasa tumpeleke Gitega, tupate kuinua uso."

Nikatoka na panga, nikaikata kamba ile mikononi mwake. Akanitazama, akarudi nyuma, akaenda zake.

Nikampigia mzee simu mwenyewe. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza, "Baba, nikikuletea huyu mtoto, utampandisha lini?"

"Bon, akianza kutaka dume. Hiyo iko punda, mwanangu, si binti wa shule."

"Hata kabla hajakomaa? Mama yake amekufa hivyo hivyo."

"Wanyama wanakufa."

"Basi simleti."

Akakohoa kwanza. "We unajua unakata nini hapa?"

"Najua, baba."

Hakunipigia tena. Nilimpigia mimi, sikukuu na siku za kawaida, hakupokea. Mtoto akakua, akamaliza meno yote, ndipo nikamtafutia dume mpole lenye miguu mizuri. Wazao wake sasa wanapandisha maharage mpaka Kobero bila kupumzika njiani.

Mwaka jana mzee akafariki. Nikafunga kitenge cha msiba, nikapanda gari mpaka Gitega. Wanawe, niliozoea kuwaita kaka, wakanizuia langoni.

"Humu wanaingia watoto wa marehemu," akasema mkubwa wao. "Wewe ni nani?"

Nilikuwa na majibu, na mkono ulikuwa unawasha. Nikakaa chini pale nje ya ua, nikamlilia baba yangu kandokando ya barabara mpaka walipomtoa, nao wakampitisha mbele yangu bila kusimama.