Madebe Matatu Kutoka Bondeni

Nilikwenda Masasi kusomea ualimu nikitokea kisiwani kwetu, katika Ziwa Nyasa. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, na bendera iliyopepea kwetu Nyasaland ndiyo hiyo hiyo iliyopepea Tanganyika, lakini kwangu Masasi ilikuwa ugenini hasa. Nilivuka ziwa kwa meli, nikapanda lori hadi Songea, jingine hadi Tunduru, na jingine tena hadi Masasi. Nilipofika sikuwa na Kiswahili zaidi ya kile cha kitabu cha sala. Wenzangu chuoni walinicheka, kisha wakachoka kunicheka, wakanizoea.

Wawili kati yao wakawa marafiki zangu wa karibu. Mmoja alikuwa Mmakonde wa Newala, mrefu, mkimya, mtu ambaye akishasema jambo harudii. Wa pili alikuwa Myao wa hapo hapo Masasi, mtoto wa katekista, ambaye kimya kilimwasha mwilini kama upupu. Jioni tulikaa watatu nyuma ya bweni, kila mmoja akifundisha wenzake maneno ya kwao. Myao alisema mesi, Mmakonde akasema medi, mimi nikasema madzi, tukacheka kwamba tulikuwa tumesafiri mbali kote huko kumbe tunakunywa kitu kimoja.

Muhula wa mwisho wa mwaka, korosho zilipoanza kuanguka, mkuu wa chuo alitupa ruhusa ya kutoka Ijumaa baada ya masomo hadi Jumapili jioni. Yule Mmakonde akatualika kwao. Nilikuwa sijapata kupanda uwanda wa juu wa Newala, nami nilifurahi kama mtoto. Tulipata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Masasi lililokuwa likienda kuchukua korosho, tukakaa juu ya magunia matupu. Tulipita njia panda ya Chidya tukiimba. Lori lilipoanza kupanda mlima tulinyamaza, maana lilinguruma kwa tabu na vumbi jekundu lilitujaa vinywani. Tuliteremka karibu na Newala mjini, tukaenda kwa miguu kwenye mchanga mwingi, kati ya mikorosho na vichaka, hadi kijijini kwao.

Nilikuwa na kiu isiyosemeka. Nilitazamia kwamba kitu cha kwanza tutakachopewa ni maji.

Mama yake tulimkuta ameketi mkekani barazani, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Kifundo kilikuwa kimevimba na kufungwa majani. Tulimwamkia, “Shikamoo, mama,” naye akaitikia marahaba kwa furaha kubwa, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, kisha akamwambia jirani atuletee kitu cha kukata kiu. Jirani akaleta mabibo kwenye ungo. Nilinyonya bibo la kwanza, la pili, la tatu, nikaona wenzangu nao wananyonya tu, wala hakuna aliyeuliza maji. Tuliponawa mikono tuliletewa maji kwenye bakuli dogo, na bakuli hilo lilituzunguka sote watatu.

Habari ya mguu ilitoka kidogo kidogo. Uwanda ule hauna mto wala chemchemi. Mvua zikiisha na mashimo ya maji yakikauka, wanawake hushuka bonde zima kwenda kuteka, kisha hupanda tena na mitungi vichwani. Mama huyo alikuwa ameteleza mahali penye mawe, wakati wa kupanda, mtungi ukavunjika na mguu ukageuka. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa kijiji cha Mnyambe na alikuwa amejifungua juzi juzi tu. Mdogo alikuwa ndani, unyagoni, na mwali hatoki. Basi jirani akawa anampa kibuyu kimoja kila siku kutoka katika maji ya nyumba yake mwenyewe, nyumba yenye watoto wengi.

Rafiki yangu alisikiliza yote hayo. Akaingia ndani. Nilimsikia akifunua mtungi mkubwa wa nyumbani na kuufunika tena. Alipotoka alituambia sisi wawili, si mama yake, “Kesho alfajiri nashuka bondeni.”

Myao akasema na yeye atashuka. Mama alielewa, ingawa Kiswahili chake kilikuwa kichache kuliko changu, akaanza kukataa kwa Kimakonde. Mwanawe akatutafsiria: anasema haijapata kuonekana mwanamume mzima amejitwika maji, na kwamba akifanya hivyo atachekwa hadi Masasi. Kisha mama akaninyooshea kidole mimi. “Anasema mgeni hateki maji.”

Nilimjibu kwa Kiswahili changu kibovu, “Mama, mgeni amekwisha kula mabibo yako. Nitakwenda.”

Sikusema hivyo kwa ushujaa. Kwetu kisiwani ukitoka mlangoni unaliona ziwa, na dada zangu walikuwa wakienda na kurudi na maji kabla uji haujachemka. Nilidhani ni matembezi.

Kabla jua halijazama alikuja mjomba wake, kaka wa mama, na huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini na kanzu safi. Alitupokea vizuri sana. Aliniuliza kama ni kweli ziwa letu ni kubwa hata ng’ambo haionekani, nikamwambia mahali pengine ni kweli. Mpwa wake alingoja mazungumzo yatulie, kisha akamwambia habari ya maji.

“Nilikupeleka shule urudi mwalimu,” mjomba alisema. “Sikukupeleka urudi mwanamke.”

“Mtungi wa mama hauna kitu, mjomba.”

Mjomba akasema wake zake watasaidia. Mpwa akamjibu, kwa heshima, kwamba wake za mjomba nao wana nyumba zao na kiu yao, na kwamba wiki nzima imepita. Mjomba akasema watu watasema nyumba ya dada yake imeishiwa watu. Rafiki yangu hakubishana tena. Aliinamisha macho kama mpwa mwenye adabu, na mimi niliyemjua nikatambua kwamba safari ipo.

Tuliondoka kungali giza, kila mmoja na debe lake tupu. Myao alikuwa amekata mti mrefu mwembamba, akatueleza mpango wake njia nzima: madebe tutayatundika kwenye mti, mmoja mbele mmoja nyuma, kama wachukuzi wanavyobeba mizigo, na hakuna atakayeweza kusema tumejitwika. Kulipopambazuka tulikuwa ukingoni. Mbali kule chini, ng’ambo ya misitu, ulionekana mstari mweupe wa Ruvuma, na nyuma yake nchi ya Mreno. Kati yetu na bonde kulikuwa na njia nyembamba, iliyoingia ndani ya udongo kwa kukanyagwa na miguu ya wanawake wa miaka na miaka.

Kushuka tu tayari kulinichosha. Huko chini maji yenyewe yalikuwa vishimo vilivyochimbwa mchangani, yanajikusanya pole pole, na wanawake wamekaa kwa foleni na vyombo vyao. Mazungumzo yalikatika tulipotokea. Bibi mmoja mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu akamuuliza rafiki yangu mkewe yuko wapi. Akajibu hana mke. Dada zako je? Akaeleza. Mama yako je? Akaeleza na hilo. Bibi akatikisa kichwa, akasogea kidogo tupate pa kukaa, lakini hakuna aliyetupisha mbele, nasi hatukuomba. Tulingoja zamu yetu hadi jua likawa kali.

Rafiki yangu alivua shati, akalikunja kuwa kata ya kichwani, akainama, akasaidiwa na bibi yule kujitwika debe. Akaanza kupanda. Hakutazama nyuma. Mimi na Myao tukainua mti wetu, mimi mbele, yeye nyuma, madebe mawili katikati.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri, na Myao akaanza kujisifu. Njia ilipoinuka, madebe yakateleza juu ya mti kumfuata yeye. Alisukuma kwa kifua, nikavuta kwa mbele, mti ukakwama kwenye kichaka, na maji yote ya debe moja yakammwagikia kuanzia kichwani. La pili lilibaki nusu. Alisimama pale akichuruzika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hana la kusema, na wanawake waliokuwa wakipanda nyuma yetu walilazimika kutua mitungi ili wacheke.

Mwenzetu alikuwa mbele, pale pale penye mawe alipoteleza mama yake. Alitua debe lake, akashuka kututazama. Hakucheka na hakukasirika. Alisema tu kwamba tukipenda tuendelee na hiyo nusu, yeye atarudi mchana peke yake kwa yaliyobaki.

Nilimtazama Myao. Nilikuwa nimechoka, mabega yameshachubuka, na palikuwa na kila sababu ya kukubali. Lakini nilimkumbuka yule jirani na kibuyu chake, nikaona haya kupeleka nusu. Nikautupa ule mti kichakani. Tukashuka tena, tukakaa mwisho wa foleni.

Safari hii tulijitwika. Nilikumbuka kwamba dada zangu walikuwa wakiweka majani juu ya maji ili yasiruke, nikachuma matawi, nikatia katika debe langu na la mwenzangu. Sijui nieleze vipi kupanda kule. Shingo ilikuwa kama inazamishwa mabegani. Nilijifunza kutazama mahali pa kuweka mguu mmoja tu, nikishauweka ndipo nitafute pa mwingine. Maji yalinitiririka mgongoni, jasho nalo lilinitiririka, na nilipofika penye mawe nilitaka kutua lakini niliogopa kwamba nikitua sitainua tena. Myao nyuma yangu alikuwa anasali kwa sauti, sala za asubuhi na za jioni zikichanganyika. Rafiki yetu alikuwa ametungoja juu ya mawe. Alijitwika lake, tukaenda kwa mfuatano.

Njia ya kuingia kijijini ilipita mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, ambapo wanaume walikuwa wameketi. Mmoja akaguna, na kicheko kikaanza. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Nilimwona akisimama, akikung’uta kanzu yake na kuondoka haraka kwa njia ya kwenda kwa dada yake. Rafiki yangu pia alimwona. Hakubadilisha mwendo.

Tulipofika alikuwa amesimama uani, mikono nyuma. Tulitua madebe barazani, mbele ya mama. Mama akaomba asogezwe karibu na mtungi mkubwa, tukamshika huku na huku, akaondoa majani yangu moja moja, akaanza kumimina mwenyewe, pole pole, bila kupoteza tone. Mtungi ulipojaa alichota kikombe. Nilidhani atampa mwanawe. Alimnyooshea kaka yake.

Mjomba alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Dada yake hakushusha mkono. Mwishowe akakipokea, akanywa yote, akamrudishia. Kisha akamgeukia mpwa wake.

“Kesho mkienda, nendeni kabla watu hawajaamka.”

“Mjomba,” alijibu rafiki yangu, “wanaoteka maji ndio wanaoamka kwanza.”

Mjomba akaenda zake. Debe moja zima lililobaki mama alimtengea jirani, akatuagiza tulibebe hadi mlangoni kwake.

Jumapili tulishuka tena, na hatukujificha. Shingo yangu haikugeuka upande wowote. Tulirudi, tukanawa uso kwa vijiko vya maji, tukafika kanisani watu wakiimba wimbo wa mwisho, na mchana tukapanda lori la korosho kurudi Masasi. Myao alilala juu ya magunia njia nzima.

Rafiki yetu alirudi kila mwisho wa wiki aliopata ruhusa na lori. Sisi tulimfuata kila tulipoweza. Mara ya pili wanaume wa kibandani walicheka kupita mara ya kwanza, kwa sababu walikuwa wamepata muda wa kutunga maneno. Hatukuacha kwa ajili hiyo. Mama alikuwa ameanza kusimama kwa mkongojo, na binti wa Mnyambe alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja mtoto akipata nguvu.

Mara ya tatu, tulipokuwa tukishuka alfajiri, tulisikia majembe. Mahali penye mawe palikuwa na wanaume watano au sita, na mjomba akiwa amekunja kanzu kiunoni. Walikuwa wakikata ngazi katika udongo na kupanga mawe kandoni yasiporomoke. Wengine niliwatambua, walikuwa wa kibandani. Tulisimama na madebe yetu, hatujui tupite au tungoje.

Mjomba alipangusa jasho. “Njia ni kazi ya wanaume,” alisema, kama aliyeulizwa. “Piteni pembeni, msiiharibu.”

Tulimwamkia, tukapita pembeni. Rafiki yangu alishuka hatua chache, kisha akatua debe lake tupu, akarudi juu na kuomba jembe. Mjomba akampa la kwake. Siku hiyo mimi na Myao tuliteka maji wawili tu, na tuliporudi tulikanyaga ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, udongo wake ungali mbichi.

Mvua zilianza kabla muhula haujaisha, na mashimo ya kijijini yakajaa. Mimi nilimaliza masomo mwaka uliofuata, nikarudi kisiwani kufundisha. Mabomba yalipanda uwandani baadaye, bado wakati wa Mwingereza, hayo niliyasikia nikiwa mbali. Lakini kabla sijaondoka Masasi nilikwenda Newala mara moja zaidi, kiangazi, kuaga. Mama hakuwapo nyumbani. Nilikwenda hadi ukingoni, nikamwona anapanda kati ya wenzake, mtungi mpya kichwani, anazungumza, mguu wake ukitafuta ngazi bila yeye kutazama chini.