Vidonge Vyeupe Vilivyotoweka Sandukuni

Hata leo harufu kali ya naftalini ikinipiga puani dukani, hucheka peke yangu. Ni vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kwenye nguo. Tulipokuwa kijijini Murukulazo, Mama alinunua sita pale stendi ya Nyakanazi, akavipanga ndani ya sanduku la bati, katikati ya vitenge vyake vya kanisani.

"Hivi si pipi," alituonya. "Ni sumu."

Nilikuwa na miaka minane, mdogo wangu Neema mitatu. Miezi ikapita. Asubuhi moja Neema aliamka akitapika. Mama akafungua sanduku atoe kitenge cha kumbebea kwenda zahanati, mara akaganda. Hakikubaki kidonge hata kimoja.

"Neema, umevila?"

Siku hizo Neema alijibu ndiyo kwa kila swali. Akasema ndiyo.

Mama akaangua kilio. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, nami nilitaka anyamaze tu. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Nilivitupa chooni." Uongo mtupu, sikuwa nimevigusa. Akanitazama, akajifuta machozi, tukaondoka. Kule zahanati Mama bado alimweleza nesi habari za vidonge, kana kwamba sikuwa nimesema lolote. Neema akapimwa: malaria. Akapewa dawa, akapona. Mimi nilichapwa fimbo mbili.

Nilipofika darasa la tano, mwalimu wetu wa sayansi aliweka kidonge kama vile kwenye kopo juu ya jiko, akafunika kwa sahani yenye maji baridi. Alipoinua sahani, chini yake palikuwa na chenga nyeupe zinazometameta.

"Imepanda kama hewa, ikaganda tena. Ni naftalini ileile," akasema. "Hili ni badiliko la kiumbo."

Akayeyusha chumvi kwenye maji, akachemsha mpaka yakakauka, chumvi ikarudi. Kisha akaunguza sukari ikawa nyeusi tii. "Nani ataturudishia sukari yetu?" Akatuonyesha ule weusi. "Basi hilo ni la kikemikali."

Nikanyoosha mkono. "Na kidonge kikikaa sandukuni tu, bila moto?"

"Kitapungua polepole mpaka kiishe. Ndiyo maana nguo hunuka."

Nilikimbia nyumbani, hata shikamoo nikaisahau. Mama alikuwa akimenya ndizi. "Mama! Vile vidonge viligeuka hewa vyenyewe!"

Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. "Mimi nilijua siku ileile kwamba hukuvitupa. Choo chetu kilikuwa kimebomoka kwa mvua kabla hata sijavinunua, na cha jirani ulikuwa huendi bila mimi kwa kuogopa mbwa wao."

"Sasa ulinichapia nini?"

"Uongo."

Nilinuna wiki nzima. Nimekuja kumwelewa juzi juzi tu, nikiwa nimempakata mwanangu mwenye homa huku dada yake akinikodolea macho. Si kwamba Mama alinyamaza kwa sababu aliniamini. Aliona mtoto wa miaka minane anataka kumbeba mama yake, akajifuta machozi upesi ili anitue mzigo.

Nami nikamtabasamia binti yangu, nikamtuma maji.