Mabati Upande wa Mnara

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mnara wa simu ulisimamishwa kwenye shamba la jirani yetu huko Kitengela, nyuma tu ya nyumba yetu ya vyumba viwili. Chini yake kulikuwa na jenereta ya dizeli. Mke wangu alianza kuamka kichwa kikimgonga, akawa na hakika kwamba ni mawimbi ya mnara. Alitaka tuuze ploti turudi Kakamega. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo juu ya mambo hayo, kiasi cha kujua kwamba sijui.

Tulifanya kama wengine mtaani: tukafunika kwa mabati dirisha la chumba chetu cha kulala lililoelekea mnara, na nafasi za chini ya paa tukaziziba kwa magunia. Ilikuwa Julai, upepo wa tambarare ukiuma, na jioni tuliingiza jiko la makaa ndani tuote moto. Kichwa kikazidi.

"Unaona?" mke wangu akaniambia. "Yanapenya hata mabati."

Asubuhi moja yule jirani, mama wa Kimaasai aliyekodisha ardhi ya mnara, alituletea maziwa. Alisimama mlangoni akapunga kiganja mbele ya pua.

"Mwanangu, unakausha nyama humu?"

"Nazuia mnara wako, yeyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Wewe unakula kodi, sisi tunakula mawimbi."

"Mbuzi wangu wanalala chini yake, na wanazaa mapacha. Ama niwavishe mabati pia?"

Mke wangu alicheka, kisha akashika kichwa.

Jirani alipoondoka nilibaki nikiwaza. Mambo matatu yalikuwa yakitupata kwa pamoja: mawimbi, moshi wa jenereta na hewa ya makaa. Sisi tulikuwa tumelaumu moja, na kwa kulizuia tukajifungia na mengine. Nikamwomba mke wangu tubadilishe kitu kimoja kimoja. Akiendelea kuumwa, tutauza.

Jiko lilitoka kwanza. Asubuhi zake zikawa nafuu. Kisha tukang'oa mabati na magunia, na kichwa kikawa kinamrudia upepo unapoleta moshi wa dizeli. Mafundi wa mnara walipokubali kugeuza bomba la moshi, kikabaki cha mara mojamoja.

"Na hiki kinachobaki?" akaniuliza.

"Sijui. Huenda ni mnara, huenda ni hofu."

Alitazama sukumawiki zake nje.

"Basi tukae. Lakini mimi silali tena chumba cha nyuma."

Sikubisha. Tulishika kitanda, yeye miguuni mimi kichwani, tukakihamishia chumba cha mbele.