Alasiri Kumi na Moja za Hiari

Petronila alitoka Singida na mwanawe Boazi mgongoni, na kufikia mwaka 1976 hakuna aliyemshinda kupogoa kahawa katika shamba letu, kule juu ya Karatu msitu wa Ngorongoro unapoanzia. Sisi wapogoaji tulilipwa kwa saa. Wenye majembe walilipwa kwa ngwe, kipande cha shamba walichopimiwa kulima, tena kidogo. Mkasi ule ndio uliowalisha watoto wake watatu.

Mwaka huo meneja alileta mafunzo ya upogoaji mpya, kila alasiri baada ya kazi. Ni ya hiari, alisema, kwa hiyo hayana malipo. Hiari gani! Jioni nyapara Alfonsi alipita mlango kwa mlango akinong'ona kwamba asiyehudhuria atanyang'anywa mkasi. Tulikwenda alasiri kumi na moja, tukikata miti ileile ya shamba, huku mahindi yetu yakimezwa na magugu.

Petronila alikwenda kwa miguu kumwona Afisa Kazi. Afisa akaja, tukakusanywa kwenye banda la kumenyea kahawa.

"Nani alilazimishwa?" meneja aliuliza. "Anyooshe mkono."

Tulikuwa arobaini. Hakuna mkono ulionyooka, hata wangu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Alfonsi alikuwa akitukagua mmoja mmoja. Afisa Kazi akafunga faili lake.

Petronila akasimama. 

"Ndugu Meneja, mimi kesho mafunzoni siji. Nina palizi."

"Usipokuja kesho," meneja akafoka, "Jumatatu hushiki mkasi!"

Sote tukamgeukia Afisa Kazi. Meneja mwenyewe ndiye aliyechelewa kuelewa alichokisema. Afisa Kazi akafungua tena faili, akaandika.

Mwisho wa mwezi saa zote zililipwa. Ile mikono iliyogoma kunyooka ilinyooka upesi kupokea, wangu ukiwamo. Petronila naye alipokea. Asubuhi iliyofuata Alfonsi alimkabidhi jembe, bila maelezo, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.

Mkasi wake alipewa Piusi, mgeni kutoka Mbulu, ambaye hakujua tawi la kukata wala la kuacha. Siku ya tatu, miti ikiwa imeharibika safu nzima, Alfonsi alimleta hadi kwenye ngwe ya Petronila.

"Mama Boazi," alisema kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia, "hebu mfundishe huyu kidogo."

Petronila hakuinua kichwa.

"Kwa saa, nyapara," aliuliza, "au kwa hiari?"

Na jembe likaendelea.