Namba Tulikupa Wewe

Nimefanya kazi madukani tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sijawahi kukaa duka moja muda mrefu. Nilianzia Sirari, mpakani na Kenya, kwenye duka la jumla ambako madereva wa malori walilipa kwa shilingi za Kenya na chenji wakaitaka ya Tanzania. Nikahamia Mugumu, nikawa nawauzia wapishi wa kambi za watalii. Baadaye nikarudi Sirari kwa sababu nilikumbuka kelele zake, nikakuta si Sirari niliyoiacha, nikaondoka tena. Kila nilipofika nilitamani nilikotoka. Mama yangu, ambaye hajawahi kutoka kijijini kwetu wilayani Serengeti, nikimpigia simu haniulizi hali. Anauliza, "Leo uko wapi?"

Nyamongo nilikuja nikiwa na nia ya kukaa mwaka mmoja tu. Nilipewa umeneja wa duka la kujihudumia, lenye rafu ndefu na kaunta mbili, linalowahudumia wafanyakazi wa mgodi, vijana wa bodaboda na akina mama wanaoshuka kutoka vijiji vya Kemambo. Nililipenda duka lile. Asubuhi, kabla sijafungua, nilipita kati ya rafu nikigusa mifuko ya unga na kunusa sabuni, na bila kuangalia popote nilijua nini kitaisha kabla ya jioni.

Kisha bosi wetu, anayekaa Mwanza, akaleta mfumo wa akili mnemba. Ulikaa kwenye kompyuta ya kaunta na kwenye simu yake. Uliagiza mzigo wenyewe, ulipanga bei wenyewe, ulijua mshahara wa mgodi ukitoka soda zitauzwa kiasi gani. Sitasema uongo: kazi uliijua. Kuna asubuhi niliagiza mchele kwa mazoea yangu, mfumo ukakataa, na mfumo ndio uliokuwa sahihi.

Mwenzangu aliyekuwa meneja wa duka lingine la bosi, kule Mugumu, aliondolewa. Kule walibaki wauzaji na kamera. Bosi alinieleza kwenye simu kwa sauti ya upole kabisa.

"Dada, na hapo tutaangalia hadi mwisho wa mwezi. Duka likijiendesha lenyewe, meneja wa nini?"

Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini na cheti cha kidato cha nne. Siku za nyuma ningefunga mizigo. Safari hii nilikataa. Niliamua nitaujifunza ule mfumo mpaka niujue kama nilivyozijua rafu zangu, na atakayetaka kunitoa anitoe nikiwa naujua.

Kitu kimoja haukuweza kukipata bila mimi, nacho ni namba za simu za wateja. Wauzaji wakiwaomba watu namba, walikataa. Nilipoomba mimi, walinipa, kwa sababu nilikuwa nawasalimia, na nilijua nani ana mgonjwa nyumbani. Mama mmoja mzee, mjane, aliyevaa simu ya vitufe shingoni kama mkufu, alinikazia macho.

"Namba ya nini? Umenipatia mchumba?"

"Shikamoo mama. Nikuambie sukari ikishuka bei."

"Marahaba. Sukari ni afadhali, mchumba angeimaliza. Lakini upige wewe. Wengine siwajui."

Nikaiandika namba yake kwenye kompyuta mwenyewe.

Mama yule alifariki baada ya kuugua wiki chache tu. Hapa kwetu mtu akifa, maduka ya jirani hushusha milango siku ya maziko hadi azikwe, na wenye maduka huenda msibani. Hakuna aliyeliandika jambo hilo popote, lakini hakuna asiyelijua. Nilishusha mlango, nikavaa khanga, nikapanda na wauzaji wangu hadi nyumbani kwake.

Tulimzika pale pale kwenye boma lake, karibu na zizi. Katekista alikuwa anaomba, watu wameinamisha vichwa, udongo haujaanza kurudishwa. Ndipo simu moja ikalia upande wa wanaume. Nyingine ikafuata upande wetu, kisha nyingine, hadi zikawa zinalia kila pembe kama kuku waliotawanywa. Ya mwisho ililia mikononi mwa binti wa marehemu. Ilikuwa simu ya mama yake, bado ina kile kikamba chake cha shingoni. Binti akaitazama. Nilisimama karibu naye, nikausoma ujumbe pamoja naye.

"Mteja wetu mpendwa, hatujakuona siku nyingi. Tumekukumbuka. Njoo leo, sukari na mafuta bei poa."

Chini yake kulikuwa na jina la duka letu.

Mfumo ulikuwa umeona mauzo yamesimama tangu asubuhi. Ukafanya ulichofundishwa kufanya mauzo yakisimama: ukawaita watu. Na mteja ambaye hajaonekana siku nyingi, ukamwita kwa maneno matamu zaidi.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Kesho yake nilifungua duka na hakuna aliyeingia isipokuwa wageni wapita njia. Siku iliyofuata hali ikawa ile ile. Mfumo ukashusha bei ya sukari, kisha ya mafuta, kisha ya karibu kila kitu. Akina mama walipita nje wakiwa na vikapu vyao, wakaenda kununua mbele kwa bei ya juu.

"Meneja," mlinzi wetu aliniambia, "mimi sasa nalinda sabuni dhidi ya panya. Na panya wenyewe sijawaona. Labda nao walikuwa msibani."

Bosi akapiga simu. Mfumo ulikuwa unamshauri afunge duka.

Sikumjibu siku hiyo. Nilipanda bodaboda hadi kwa kaka wa marehemu, mzee ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya zizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja wewe au umetumwa na simu?"

"Nimekuja mimi, baba. Kuomba msamaha."

"Wewe tulikuona kaburini. Hukutuma kitu. Namtaka aliyemwita dada yangu anunue sukari."

"Ni kompyuta, baba. Haina akili ya msiba."

"Ina mwenyewe?"

"Yuko Mwanza."

"Basi aje mwenyewe. Ng'ombe akila shamba la mtu, hatuzungumzi na ng'ombe. Na jambo lingine. Namba tulikupa wewe. Hatukuipa kompyuta."

Hilo la mwisho lilinikaa kifuani hadi nilipofika dukani. Nilimpigia bosi nikiwa nimesimama.

"Bosi, njoo uketi na hawa watu. Usipokuja, funga duka, mimi pia niondoke."

"Dada, nitume mbuzi na barua?"

"Mbuzi aje na wewe."

Alikuja, viatu vimeng'aa, mbuzi kafungwa nyuma ya gari. Mzee alimwonyesha benchi. "Keti, mura," akasema, akimwita vile anavyowaita vijana wake, ingawa bosi ana mvi. Wazee wengine walikuwepo, na binti wa marehemu. Bosi alianza kueleza jinsi mfumo unavyofanya kazi. Mzee akamwacha aeleze hadi mwisho, kisha akauliza, "Tukifiwa tena, nani ataiambia inyamaze?"

Bosi akaniangalia mimi.

"Meneja," akasema.

"Huyu tunamjua," mzee akasema. "Ila tumesikia unataka kumwondoa."

Sikuwa nimemwambia mtu. Wauzaji wangu walikuwa wameongea, na Nyamongo husikia. Bosi alitazama viatu vyake, ambavyo vumbi lilikuwa limeshavipata. Akaomba msamaha kwa maneno machache, safari hii bila kutaja mfumo. Akasema mbele yao wote kwamba meneja anabaki. Tuliletewa ugali wa mtama na nyama, tukala naye kwenye sahani moja.

Njiani kurudi nilimwambia masharti yangu. Ujumbe wowote usitoke bila mimi kuukubali. Siku ya msiba nizime mfumo kwa mkono wangu. Na aliyeuza mfumo aje anifundishe kila kitu, si vitufe viwili tu.

"Ukiujua wote," bosi alisema, "utatafuta kazi kwingine. Nakujua, hutulii."

"Hilo niachie mimi."

Watu walirudi taratibu, mmoja mmoja, kama wanaopima maji kwa mguu. Binti wa marehemu alikuja asubuhi, akachukua kilo ya sukari, akasimama kwenye kaunta bila kuondoka.

"Namba ya mama bado imo?"

"Imo. Nilisubiri uje."

Nikamgeuzia kioo aone. Nikaifuta. Aliangalia pale palipobaki wazi, kisha akataja namba yake mwenyewe, taratibu, nikaiandika.

"Lakini upige wewe," akasema.

Jioni ile mama yangu alipopokea simu aliuliza kama kawaida, leo niko wapi. Nikamwambia niko Nyamongo, na kesho pia.