Tui Katika Supu ya Jirani

Jina la Bi Sindano alilipata kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na hakuwahi kulikataa. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya ghorofani, cherehani ikitazama dirisha, marobota ya kitambaa cha bluu yakiegemea ukuta. Mtu akimletea suruali ya mtoto iliyopasuka nyuma, aliiinua kwenye mwanga na kuuliza, "Huyu anasoma au anapigana na viti?" Ndipo aliposhona.

Mapishi ya Kithai alifundishwa na jirani. Nyuma ya mlango uliotazamana na wake, ng'ambo ya ngazi, alikaa mwanamke Mthai aliyekuja na mumewe, mhandisi wa madaraja. Mwanzoni hawakuwa na lugha moja hata ya kuombana chumvi, kwa hiyo walianza kwa kunusishana. Jirani alikuja na shina la mchaichai, akalivunja mbele ya pua ya Bi Sindano; Bi Sindano naye akamfungulia kopo la iliki. Miaka ikaenda hivyo, milango wazi, watoto wakila popote walipokuta sufuria imeiva. Watoto wa Bi Sindano walimwita mama mdogo. Mhandisi alipofariki, mjane akafunga virago kurudi kwao. Kinu chake cha jiwe kilikuwa kizito mno kusafiri nacho, akakisukuma mpaka mlangoni kwa Bi Sindano na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Twanga. Usiwe mvivu."

Siku binti ya jirani alipopiga simu kusema mama yake amefariki, Bi Sindano hakulia mbele ya wateja. Mumewe, dereva wa lori, aliporudi, Bi Sindano alimwambia, "Jumamosi nampikia mama mdogo wa watoto. Tule, tumtaje, basi."

Mume akasema sawa. Kisha, bila kuuliza, akamwalika mdogo wake.

Huyo shemeji aliuza divai. Alikuwa na duka la vioo na kiyoyozi, na alizoea kuzungusha glasi kabla ya kunywa, hata ikiwa na maji ya bomba. Jumamosi mchana aliingia na sanduku la chupa, nyuma yake wakifuatana wateja wake wawili, mtu na mkewe. Akaenda moja kwa moja jikoni kufunua masufuria.

"Shemeji, umepika nini nikupangie?"

"Unipangie nini?"

"Divai. Kila chakula kina yake. Hiyo saladi ya papai bichi inataka hii nyeupe yenye utamu kidogo, iwe baridi sana. Kuku wa mchuzi wa kijani, hii ya rangi ya waridi." Akachota supu ya kamba, akaonja, akakohoa mpaka machozi. "Lo! Hii itaua divai yoyote. Punguza ukali."

"Nipunguze supu kwa ajili ya chupa?"

"Ladha lazima zipatane, shemeji."

"Aliyekuja ugenini ni chupa. Ijifunze kupatana yenyewe."

Shemeji akacheka. Bi Sindano akaenda kuoga na kubadili nguo.

Aliporudi alikuta watu wameketi na meza imejaa glasi. Binti yake alikuwa ameweka picha ya jirani katikati, penye maua. Sasa haikuwapo, mahali pake palisimama chupa nne. Akaiona juu ya jokofu, imelazwa kando ya kiberiti. Akajiambia asivunje shughuli. Kisha akafunua supu.

Supu ya jirani ilikuwa nyepesi, unaona kamba mpaka chini. Hii ilikuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Nani ametia tui?"

"Mimi," shemeji alisema, akizungusha glasi yake. "Nimekusaidia. Divai ingekufa. Na nimesoma, kuna Wathai wanaotia tui."

"Yeye hakutia!"

"Mama watoto," mume akaingilia, "tui tu hilo, jamani."

"Tui tu? Nikikushonea suruali yenye mguu mmoja, utasema mguu tu?" Akaelekeza kidole kwenye jokofu. "Divai ingekufa! Basi ingekufa! Tunayemkumbuka leo amekufa kweli, na mmempandisha juu ya jokofu ili chupa zikae!"

Yule mke wa mteja akaweka glasi chini. "Samahani, dada. Ni nani aliyefariki? Sisi tuliambiwa tunakuja kuonja divai."

Hapo ndipo Bi Sindano alipowaka zaidi, kwa sababu kumbe hata jina la shughuli lilikuwa limebadilishwa. Alimtazama shemeji, akamtazama mumewe, akakosa tusi linalotosha. Yule mama mgeni akainuka, akaishusha picha, akaifuta kwa kiganja na kuisimamisha mezani. Chupa mbili akaziweka sakafuni.

Bi Sindano alibeba sufuria mpaka jikoni na kuanza upya. Waliokaa mezani walisikia jiwe likigonga jiwe: mchaichai, khulinjani ile ndugu ya tangawizi, pilipili nyingi kuliko mwanzo. Supu ilipokuja, kamasi zilimtoka dereva, mteja akavua koti, na watu wakaomba wali na maji. Bi Sindano akawaeleza jirani alikuwa nani. Kwenye saladi, binti yake alimmiminia ile divai nyeupe baridi. Akanywa funda moja. Pilipili ikatulia, ndimu ikang'aa mdomoni, vilipatana kabisa. Jambo hilo lilimuudhi karibu sawa na tui. Hakumwambia mtu.

Shemeji aliomba radhi kupitia kwa kaka yake. "Yeye mdomo wake umezibwa kwa kizibo?" Bi Sindano aliuliza, akaendelea kukata kitambaa. Mume naye alikuwa ameomba radhi, tena si mara moja, na kila mara aliambiwa aseme tena kosa lilikuwa lipi.

Mwishowe shemeji alikuja mwenyewe, asubuhi, mikono mitupu, akasimama katikati ya marobota.

"Shemeji, nilikosea. Nilivuruga sufuria yako."

"Kosa la kwanza si sufuria."

Akafikiri. "Nilimtoa mwenye shughuli mezani kwake."

Bi Sindano alishona upindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, na hakuona sababu ya kuificha. Alimsogezea kiti, akamletea chai. Shemeji alipouliza kama siku moja ataalikwa tena kula, alijibiwa anywe chai kwanza, isije ikapoa.