Alivyowapisha Akina Mama wa Laare

Baba yake Kanana hakukataa posa. Aliuliza swali moja tu, kwa Kimeru: huyo kijana wa mjini ana nthoni? Kanana alilileta swali hilo Embu, kwenye ofisi anakofanya kazi na mdogo wangu Njeru, na tangu siku hiyo Njeru akawa hali chakula vizuri. Nikiwa kaka mkubwa, tena mwalimu wa Kiswahili, nikatumwa kwenda Laare kwa akina Kanana, huko Meru, kumjibia.

Asubuhi tuliondoka mtaa wetu wa Dallas, hapo Embu, Njeru akiwa ndani ya suti mpya ya kijivu. Kwenye basi nilipanga maneno. Nthoni ningeiita haya, au staha, na adabu ningeiongeza. Yote yalitoka Uarabuni yakatua pwani. Kama yaliweza safari hiyo, milima ya Nyambene isingeyashinda.

Mchana tulipumzika Kaaga, mjini Meru, kwa rafiki yangu, mwalimu pia. Alicheka aliposikia hoja zangu.

"Hayo ni ya kitabu," alisema. "Mkwe tunamwitaje?"

"Muthoni," nikajibu. Hata kwetu Embu ndivyo.

"Basi nthoni iko hapo hapo. Unaanza kuionyesha kwa mkwe." Akamgeukia Njeru. "Ukikutana na mama mkwe njiani, toka kando umpishe. Usimwangalie uso."

Maneno hayo mawili niliyajua tangu utotoni, na sikuwahi kuyaweka pamoja. Njeru aliitikia kama mgonjwa anayeelezwa dawa.

Alasiri tulifika Laare. Tulinunua kifungu cha miraa cha kupeleka kwa wakwe, kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho mzee akikifungua amekubali posa, tukashika njia ya mashambani. Mara nyuma yetu akatokea mama mwenye mzigo wa kuni. Njeru akaruka vichakani.

"Ndiye?" nikamuuliza.

"Sijui. Sijawahi kumwona."

Kwa hiyo akawapisha wote. Aliyebeba nyasi, aliyetoka kanisani, hata dada mmoja aliyekuwa mdogo kuliko Kanana mwenyewe. Nilimsihi aache, hakunisikia. Tulipofika bomani kiatu kimoja kilikuwa tope tupu, na suruali imejaa mbegu za kishona nguo hadi magotini. Niliona posa imeharibika.

Baba yake Kanana aliipokea miraa akaiweka chini bila kuifungua. Nikasimama nikamwaga haya, staha na adabu. Alikuwa akitazama suruali.

"Mwalimu, umeongea vizuri," alisema. "Lakini huyu kijana amekuja na njia ama amelala kwa shamba?"

Njeru aliinamisha kichwa, nami nikamwonea huruma.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Ilikuwa ya mama yake Kanana, ambaye kwa desturi asingeketi na mkwe.

"Baba Kanana, wachana na yeye. Huyo ametupisha sisi wote kutoka soko mpaka hapa. Mimi nilikuwa na kuni. Hata jirani yetu amepishwa, na yeye hajapishwa na mtu tangu aolewe."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko. Akavuta kifungu, akakifungua, akachagua kijiti kimoja akaanza kutafuna.

Kesho yake, tukirudi Embu, Njeru alichambua suruali njia nzima, akitabasamu peke yake. Nilimpenda sana siku hiyo.

Wiki iliyofuata, darasani, tulifika kwenye neno haya. Uarabuni niliuacha kwanza. Nilianza na suruali ya mdogo wangu.